Nipimwe Kwanza, Simu Baadaye

Mji wa Nyeri haukosi hospitali. Ipo ya rufaa ya kaunti, ambayo wazee wangali wanaiita kwa jina la zamani, PGH; ipo ya Wakonsolata pale Mathari; ipo Outspan. Ukishuka kuelekea Karatina unakutana na Tumutumu ya kanisa la PCEA, iliyoasisiwa na wamisionari wa Kiskoti zaidi ya miaka 100 iliyopita, na Karatina yenyewe ina hospitali ya serikali. Othaya wana Hospitali ya Mwai Kibaki. Mtu akiamua kuuzunguka mlima wote, apite Kerugoya, Embu, Chuka, Chogoria, Nkubu na Meru hadi Nanyuki, hatakosa mahali pa kulazwa.

Ndiyo maana hoja kubwa ya wanaouza huduma ya daktari wa simu, kwamba itamwondolea mgonjwa safari ya mbali, haina makali sana hapa. Ingefaa Turkana au visiwa vya Lamu. Mkazi wa Tetu au Mathira anaijua njia ya hospitali, anajua matatu ya saa ngapi itamfikisha mapema, na mara nyingi anamjua hata muuguzi atakayempokea. Anapoambiwa apakue programu, alipe kwa M-Pesa, kisha amsubiri daktari asiyemjua ajitokeze kwenye kioo cha simu, huuliza swali moja: huyo daktari atanipima na nini?

Wapo wanaolisikia swali hilo wakatikisa kichwa, wakasema watu wa mashambani wamechelewa. Wanamkosea mgonjwa heshima. Swali lake ni la kitabibu kuliko hoja nyingi zinazotolewa kwenye makongamano ya teknolojia Nairobi, na yeyote anayetaka simu iwe na faida kwa afya ya watu wa Mlima Kenya inafaa aanze kwa kulijibu.

Nyeri ina sababu zake za kuuliza hivyo. Desemba 2018, serikali ilipozindua majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote, ilichagua kaunti 4, kila moja na mzigo wake. Kisumu ilichukuliwa kwa maradhi ya kuambukiza, Machakos kwa majeruhi wa ajali, Isiolo kwa afya ya wafugaji wanaohamahama na akina mama wao. Nyeri iliingia kwenye orodha kwa sababu ya maradhi yasiyoambukiza, kisukari na presha vikiwa mbele. Haya ni maradhi yasiyopiga hodi. Mtu anaweza kuchuma majani chai siku nzima, apeleke gunia kituoni, arudi nyumbani akamue ng'ombe, na muda wote huo damu inasukuma mishipa ya ubongo wake kwa nguvu ya kuipasua. Haumwi popote. Hana cha kumweleza daktari wa simu kwa sababu hana malalamiko.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi hayo uligundua kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha, na kwamba asilimia 56 ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa sukari, ambao hawakuwa wamewahi kupimwa walikaribia asilimia 88. Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Mtu ambaye hajawahi kufungwa kile kitambaa cha mkononi hawezi kugunduliwa kwa mazungumzo ya video, hata kama daktari aliye upande wa pili ni bingwa.

Kisha kuna miguu. Katika kliniki ya kisukari iliyo makini, muuguzi humwambia mzee avue buti za mpira na soksi. Humkagua katikati ya vidole, humgeuza wayo, hubonyeza kifundo kwa dole gumba aone kama nyama inabaki na shimo. Mara nyingine hukuta kidonda chini ya kidole kidogo ambacho mwenyewe hakukijua, kwa maana sukari imeshaua hisia za miguu na jiwe lililoingia ndani ya buti halikumuumiza. Kidonda kikionekana siku hiyo husafishwa na kufungwa. Kikikosa kuonekana kwa miezi 2, mguu unaweza kukatwa. Mzee huyo angepigiwa simu angesema yuko salama, na angekuwa anasema kweli kadiri anavyojua.

Watu wa eneo hili walishapiga kura yao kwa miguu hiyo hiyo. Majaribio ya Afya kwa Wote yalipoondoa ada, foleni zilirefuka. Waliokuwa wamevumilia maumivu nyumbani walijitokeza, waliokuwa wameacha dawa kwa kukosa pesa walirudi. Majaribio yalikwisha mwaka 2020 na ada zikarejea, lakini kilichoonekana katika kipindi hicho hakifutiki: kizuizi kikubwa kilikuwa mfuko, na mtu akiondolewa gharama humwendea daktari aliko.

Wala si watu wa mlimani peke yao. Watafiti wa taasisi ya RAND nchini Marekani waliwauliza watu wazima 2,080, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Thuluthi mbili walisema wangependa kuwa na miadi ya video angalau mara mojamoja. Walipoulizwa wangechagua nini kwa ugonjwa usio wa dharura, asilimia 53 walitaka kuonana na daktari ana kwa ana, na wapatao asilimia 21 tu wakachagua video. Huko intaneti ni ya kasi na simu za bei zimejaa. Katika eneo la England, ambako kabla ya korona karibu miadi 8 kati ya 10 ya madaktari wa mitaani ilikuwa ya ana kwa ana, kiwango hicho kilishuka chini ya nusu mnamo Aprili 2020, kisha watu wakarudi. Siku hizi ni kama thuluthi mbili. Watu wengi duniani wanataka njia zote 2, na wanataka wao wenyewe wachague ni lini watumie ipi.

Benchi la hospitali nalo lina makosa yake, na wanaolitetea wasiyafiche.

Kliniki ya sukari na presha katika hospitali kubwa ya umma huanza kujaa kabla jua halijapanda. Wagonjwa wanafika na njaa, kwa kuwa wengi wameagizwa wapimwe sukari kabla ya kula. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka hadi barabarani, wazee hukaa wamejikunyata ndani ya makoti mazito na kofia za sufi. Kila mmoja ana daftari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, na hilo ndilo faili lake: tarehe, uzito, presha, sukari, majina ya dawa kwa mwandiko wa watu tofauti. Vidonge vilivyobaki vimo ndani ya kiondo. Foleni inasogea. Anapimwa uzito, anafungwa kitambaa, anatobolewa kidole, anaingia kwa afisa wa kliniki. Humo anakaa dakika chache. Maswali ni ya mwezi uliopita, dawa ni za mwezi uliopita. Anatoka, anapanga foleni nyingine kwenye dirisha la dawa, na huko huenda akaambiwa moja imekwisha, akatafute kemisti. Saa 8 mchana bado hajafika nyumbani, na kesho yake ataulizana na jirani nani alimkamulia ng'ombe.

Mtu anaweza kufanya hivyo mwezi huu na mwezi ujao. Ikifika Oktoba kahawa inapoiva Mathira na Kirinyaga, au siku ya zamu ya chai inapoangukia siku ya kliniki, anaruka. Akiruka mara moja hana wasiwasi, mbona haumwi. Akiruka mara 3 dawa zimeisha na amezizoea siku zake bila dawa. Wengi wa wanaopooza upande mmoja wa mwili walikuwa na daftari nyumbani, juu ya kabati, lenye kurasa ambazo hazikuandikwa.

Hapo ndipo simu ina kazi. Mahali pake hasa ni zile ziara za katikati, za mgonjwa ambaye tayari amepimwa, amejulikana, amewekwa kwenye dawa, na anachohitaji ni mtu wa kumfuata. Kosa la huduma nyingi zilizoletwa na wafanyabiashara ni kuiweka simu mlangoni, mahali pa kwanza mgonjwa anapokanyaga, wakati wagonjwa wenyewe wanaonyesha wangeipokea kwa mikono miwili kama ingekuja baada ya kupimwa.

Afrika Mashariki haikuanza jambo hili jana. Amref, iliyoanzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa kuruka na ndege, ilikuwa na mtandao wa redio za upepo katika miaka ya 1960. Muuguzi kwenye zahanati ya misheni aliita Nairobi, akamweleza daktari mgonjwa aliye mbele yake, akapewa maelekezo, na ikibidi ndege ikatumwa. Mpangilio huo una mantiki ambayo programu za leo zimeisahau. Muuguzi alikuwa na mikono juu ya mgonjwa. Daktari wa mbali aliuliza, muuguzi akabonyeza tumbo, akajibu. Umbali ulikuwa kati ya mtaalamu na mtaalamu mwenzake, na mgonjwa hakuachwa peke yake na kifaa.

Chogoria nayo ilifanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Daktari Clive Irvine alifika huko mwaka 1922, na hospitali iliyokua kutokana na kazi yake baadaye ilieneza zahanati katika vijiji vya mteremko wa mashariki wa mlima, zikiendeshwa na wauguzi waliofahamika kwa majina. Mpango wake wa uzazi ukawa mfano wa kutajwa nje ya Kenya. Watu waliamini zahanati ya kijijini kwa sababu ilikuwa mkono wa hospitali wanayoijua.

Na jioni, ukipita kwenye nyumba za Karatina au Murang'a, utasikia redio za Kikuyu kama Kameme na Inooro zikiwa na daktari studioni anayepokea simu za wasikilizaji. Mama anaeleza maumivu ya goti, daktari anamuuliza amekuwa nayo muda gani, kisha kwa kawaida anamwambia aende akapimwe. Hakuna anayeona ajabu. Watu hawa hawaogopi kuzungumza na daktari wasiyemwona. Wanachokataa ni kulipa pesa wapewe ushauri uliopaswa kutanguliwa na kipimo.

Lugha nayo ina uzito katika jambo hili. Mzee wa Mukurwe-ini huyaeleza maumivu yake kwa Kikuyu, wa Nkubu kwa Kimeru, na akilazimishwa kutumia Kiingereza au hata Kiswahili cha haraka mbele ya kijana aliye Nairobi, hufupisha. Humwambia tumbo linauma. Yale mengine, kwamba linauma akiinama, kwamba lilianza baada ya kuzika mkewe, hubaki moyoni.

Vijana wana hesabu nyingine, na ni haki yao. Nyeri ni mji mdogo. Msichana wa chuo anayetaka dawa za kupanga uzazi hapendi kukutana na shangazi yake kwenye benchi, wala kijana anayeshuku ana ugonjwa wa zinaa hataki kuitwa kwa jina lake kamili mbele ya watu 40. Kwao umbali ni stara. Kenya ilipoanzisha vifaa vya kujipima virusi vya Ukimwi mwaka 2017, sehemu ya mvuto wake ilikuwa kwamba mtu angeweza kujipima chumbani kwake, na duka la dawa la mtandaoni la MYDAWA lilikuwa miongoni mwa waliovisambaza. Afya ya akili pia iko hapa. Mwanamume aliyezama kwenye pombe, katika eneo ambalo Februari 2024 lilizika watu wasiopungua 17 kutokana na pombe haramu huko Kirinyaga, hatajipeleka kirahisi kwenye mlango ulioandikwa kliniki ya magonjwa ya akili. Anaweza kukubali kuzungumza usiku kwa simu, akiwa amekaa gizani nje ya nyumba. Mazungumzo ni tiba yenyewe katika maradhi hayo, na hayahitaji kitambaa cha mkononi. Anayesema wagonjwa wote waende hospitali anawasahau hawa.

Kwa hiyo mapendeleo ya watu hayagawanyiki kati ya wasomi na wasiosoma, wala kati ya wenye simu za kabambe na wenye simu janja. Yanafuata aina ya ugonjwa. Panapohitajika jicho na mkono, wanataka hospitali. Panapohitajika siri na sikio, wanaweza kutaka simu. Na panapohitajika kufuatiliwa kwa miaka mingi, wangefurahi kupata vyote viwili kutoka kwa mtu mmoja.

Rwanda inatoa funzo la kutazamwa kwa makini. Kampuni ya Babyl, tawi la Babylon Health ya Uingereza, ilianza kazi huko mwaka 2016. Mgonjwa alipiga *811# kwa simu yoyote, hata isiyo na intaneti, akazungumza na muuguzi kwanza, kisha daktari ikibidi, na agizo la dawa likamfikia kwa ujumbe. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha, na serikali ikaiunganisha na bima ya umma. Ilifanikiwa kwa sababu haikudai simu ya bei na kwa sababu mgonjwa hakutolewa pesa zote mfukoni. Kisha mwaka 2023 kampuni mama ikaporomoka kifedha Ulaya na Marekani, na huduma ya Kigali ikafungwa nayo. Wagonjwa hawakuwa wamefanya kosa lolote. Daktari wao wa simu alikuwa na mizizi London, na London ilipoyumba wao ndio walioachwa. Hospitali ya kaunti inaweza kuwa na foleni, inaweza kukosa dawa, inaweza kukumbwa na mgomo kama ule wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56. Hata hivyo, haihami.

Kisheria, Kenya haina kisingizio. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitambua matibabu ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa huduma na ikaagiza sheria kamili itungwe ndani ya miaka 3. Ilichukua 6. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa sahihi Oktoba 2023, pamoja na ya bima ya afya ya jamii na ya huduma za msingi, na ikaweka msingi wa mfumo mmoja wa kumbukumbu za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 tayari ilikuwa imezipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Kilichobaki ni daftari. Mpaka leo mgonjwa wa mlimani mara nyingi hufahamika kwa lile daftari la shule, na akilisahau nyumbani, au likilowa mvua kwenye kiondo, historia yake imepotea. Daktari wa simu asiyeliona daftari hilo anabahatisha. Kabla ya kaunti kununua programu yoyote ya video, kwanza ihakikishe kwamba presha iliyopimwa Naromoru inaonekana kwenye kompyuta ya Nyeri siku hiyo hiyo.

Vifaa vya kuanzia vipo. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua pale Uhuru Park kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu ya kuingiza taarifa. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na ikicheleweshwa mpango wote unachechemea. Mhudumu huyo ni jirani. Anazungumza lugha ya nyumba hiyo, anajua mlevi ni nani na mjane ni nani. Akimpima mzee presha kwenye veranda yake siku ya Jumanne, na afisa wa kliniki anayemtibu mzee huyo akampigia simu Jumatano na vipimo viko mbele yake, ziara ya mwezi huo imekamilika bila nauli, bila njaa, na ng'ombe wamekamuliwa. Baada ya miezi 3 mzee anakwenda hospitali mwenyewe, anavua buti, miguu inakaguliwa. Huo ndio mchanganyiko unaowafaa watu hawa.

Mtaalamu bingwa naye aingie kwa mlango huo huo. Afisa wa kliniki wa Mukurwe-ini aliye na mgonjwa mwenye moyo unaodunda vibaya asilazimike kumwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, kilomita zaidi ya 100, kabla ya kuzungumza na bingwa wa Nyeri kwa dakika 10. Madaktari tayari hufanya hivyo kwa WhatsApp, kwa hiari, kwa bando lao wenyewe, picha za vipimo zikiwa katikati ya picha za harusi. Ni wema mkubwa, na ni hatari kwa siri ya mgonjwa. Kazi hiyo ipewe saa zake, laini yake na malipo yake.

Utapeli upo, na watu wana haki ya kuuogopa. Ila tapeli hahitaji intaneti: mwaka 2015 Wakenya waliona kwenye televisheni kliniki ya Githurai iliyokuwa ikiendeshwa na mtu asiye daktari, na ilikuwa na mlango, kitanda na meza. Kinga ni ile ile kote, kulikagua jina la daktari kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC. Wagonjwa wa mlimani wana kinga ya ziada ambayo programu ya Nairobi haiwezi kuwapa. Sauti inayowapigia ikiwa ya afisa wa kliniki aliyewahi kuwashika mkono, wanaitambua.

Hofu nzito zaidi ni nyingine. Huduma ya simu ikishakuwa rahisi kwa serikali, kuna kishawishi cha kuwaachia maskini simu na kuwaachia wenye uwezo daktari. Bibi wa kijijini atapigiwa, mfanyabiashara wa mjini ataonwa. Jambo hilo likiruhusiwa, uamuzi wa wagonjwa wa kutaka kupimwa kwanza utakuwa umepuuzwa na takwimu za ripoti zitapendeza: simu nyingi, wagonjwa wengi waliofikiwa, na presha ambazo hakuna aliyezipima. Ili kuzuia hilo, kanuni ya kaunti iseme wazi kwamba mgonjwa mpya mwenye maradhi yanayohitaji kipimo lazima aonwe ana kwa ana, na kwamba mwenye ugonjwa wa kudumu haruhusiwi kupita miezi 3 bila kuonwa, hata kama simu zote zilisema yuko salama.

Na pesa zifuate kanuni hiyo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 1, 2024, na mwajiriwa sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mchango huo ulipie ufuatiliaji wa simu unaofanywa na kituo ambacho mgonjwa amesajiliwa, kwa bei inayojulikana, ili hospitali isione kwamba kila mgonjwa aliyebaki nyumbani ni mapato yaliyopotea. Zahanati moja inahitaji laini ya simu, muda wa maongezi, kompyuta inayosoma vipimo vya wahudumu wa jamii, na afisa wa kliniki aliyetengewa saa 2 za alasiri mara 2 kwa wiki. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni kuhusu bajeti. Wakazi wa Kieni, Othaya na Mukurwe-ini watakapokaa kwenye vikao hivyo, wataje zahanati yao kwa jina na waombe saa hizo 2 ziandikwe.